Umeandika Hivi, Imesomwa Vile: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mafaili ya Mipangilio

Barua za mwezi huu zimetoka Mwanakwerekwe mpaka Wete, na karibu zote zina kilio kimoja: faili la mipangilio limeandikwa, macho yanaliona liko sawa, na programu inakataa katakata. Kigeu, kwa asiyelizoea neno, ni lile jina lililoko kushoto ya alama ya =, na thamani ni kilichoko kulia. Shida haipo kushoto wala kulia. Ipo baina ya ulichoandika wewe na ilichopokea programu. Majina ya wasomaji tumeyaweka kando, na maneno ya siri yaliyomo kwenye mifano ni ya kubuni.

Natengeneza hati ya bash ya kunakili hifadhidata ya duka. Juu kabisa nimeandika `DB_HOST = 127.0.0.1`, lakini kila nikiiendesha naambiwa `DB_HOST: command not found`. Kosa liko wapi?
*Muuza vipuri, Mwanakwerekwe*

Liko kwenye hizo nafasi mbili, ya kabla ya = na ya baada yake. Bash, programu inayosoma amri zako na kuziendesha, ikikuta neno limefuatiwa na nafasi hulichukua kuwa ni amri. Imeitafuta amri iitwayo DB_HOST, haikuipata, ikakwambia ukweli. Andika `DB_HOST=127.0.0.1`, herufi zishikane.

Thamani ikiwa na nafasi ndani yake, itie kwenye alama za kunukuu: `DUKA="Vipuri Mwanakwerekwe"`. Ukiziacha alama hizo, bash itaipa DUKA thamani ya `Vipuri` halafu itatafuta amri iitwayo Mwanakwerekwe. Na ikiwa hati yako inaita programu nyingine inayokihitaji kigeu hicho, tanguliza `export`, la sivyo kigeu kitabaki ndani ya hati peke yake.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu sheria hii si ya kila faili. Faili la php.ini, la mipangilio ya PHP, halijali nafasi pembeni ya =. YAML, mtindo mwingine wa kuandika mipangilio, ndiyo kwanza inaidai nafasi, baada ya nukta mbili.

Nimebadilisha neno la siri la hifadhidata kuwa Mwani#2024 na nikaliandika hivyo hivyo kwenye .env (faili la vigeu) ya mradi wa Laravel (mfumo wa PHP wa kujengea tovuti). Tovuti inasema `Access denied`. Nikiingia mwenyewe kwa mysql kwa neno lile lile, naingia. Nikifanya `source .env` kisha `echo`, neno linatoka zima. Nimechoka.
*Kijana wa kompyuta, hoteli moja ya Nungwi*

Pole. Umepima, ila umepimia mizani ya duka jingine. Bash huihesabu # kuwa ni mwanzo wa maelezo pale tu inapotanguliwa na nafasi. Ikiwa katikati ya neno huiacha ilivyo. Ndiyo maana `echo` imekuonyesha neno zima. Maktaba inayosoma .env ndani ya Laravel haina huruma hiyo: thamani isiyokuwa na alama za kunukuu inakatwa pale pale penye #. MySQL imepelekewa `Mwani`, nayo ikakufungia mlango kwa haki. Dotenv, maktaba ya kazi hiyo hiyo upande wa Node.js, tangu toleo la 15 inakata vivyo hivyo. Docker Compose, ya kuendesha programu ndani ya makontena, iko upande wa bash, inataka nafasi kabla ya #. Faili moja, wasomaji wanne, na hawakubaliani.

Dawa ni alama moja ya kunukuu kila upande:

`DB_PASSWORD='Mwani#2024'`

Tumesema alama moja, hatukusema mbili, na sababu ni alama ya $. Ndani ya alama mbili, bash hulichukua kila neno linalofuata $ kuwa ni jina la kigeu. `"Pesa$Bara"` itasomwa `Pesa` tu, kwani kigeu kiitwacho Bara hakipo. Compose nayo hufanya hivyo kwenye .env, ila yenyewe angalau hulalamika kwamba kigeu `Bara` hakikuwekwa na kwamba imekiacha kitupu. Onyo hilo hupita juu ya kioo na watu hawalisomi. Ukiiandika thamani moja kwa moja ndani ya compose.yaml, kila $ iandike mara mbili: `Pesa$$Bara`.

Zipo sehemu mbili ambapo alama za kunukuu zenyewe ndiyo maradhi. Ya kwanza ni `docker run --env-file`. Amri hiyo huchukua kila kilichoko kulia ya = kama kilivyo, pamoja na alama zako, na neno la siri linakuwa na herufi mbili za ziada. Ya pili ni anwani ndefu ya aina ya `mysql://mtumiaji:siri@seva/duka`. Hapo alama za kunukuu hazisaidii kitu, kwa sababu @, #, / na : zina kazi nyingine ndani ya anwani. Lazima zibadilishwe: @ iwe `%40`, # iwe `%23`, / iwe `%2F`, na : iwe `%3A`.

Ukishasahihisha, usiulize bash tena. Muulize mwenyewe anayelitumia neno:

`php artisan config:clear`
`php artisan tinker --execute="var_dump(config('database.connections.mysql.password'));"`

Jibu likitoka `string(5) "Mwani"`, bado linakatwa. Likitoka `string(10) "Mwani#2024"`, limefika salama. Tunaipendelea `var_dump` kuliko `echo` kwa ajili ya hiyo namba: nafasi iliyojificha mwishoni huioni kwa macho, lakini hesabu ya herufi itakutolea 11 badala ya 10.

Kwa maoni yetu, neno la siri linalosomwa na mashine peke yake halina haja ya mapambo. `openssl rand -hex 24` itakupa herufi 48 ambazo ni tarakimu na a mpaka f tu. Refu kuliko lako, gumu kukisia, na hakuna programu itakayogombana nalo.

Mwenzangu wa Dar es Salaam alinitumia vigeu vyote kwa WhatsApp. Nikavinakili kwenye Notepad, nikahifadhi, nikapandisha kwenye seva ya Linux. Kigeu cha kwanza hakionekani kabisa, vingine vinaonekana lakini ujumbe wa makosa unatoka umejikunja, maneno yamepandana.
*Mwalimu wa skuli, Wete*

Mwalimu, hapo kuna makosa matatu yasiyoonekana kwa macho. Amri moja inayavua nguo yote:

`cat -A .env`

Tuseme imekutolea hivi:

```
M-oM-;M-?APP_NAME=Skuli$
DB_HOST=localhost^M$
DB_USER=M-bM-^@M-^\mwalimuM-bM-^@M-^]$
```

Alama ya $ mwishoni ni mwisho wa mstari tu, haina ubaya. Yaliyobaki ndiyo kesi.

`M-oM-;M-?` mwanzoni mwa mstari wa kwanza ni baiti tatu ambazo baadhi ya programu za Windows huzitia kwenye kichwa cha faili kutambulisha kwamba herufi zake zimehifadhiwa kwa mtindo wa UTF-8. Kwa msomaji asiyezitambua, jina la kigeu chako si APP_NAME tena. Ni baiti hizo tatu pamoja na APP_NAME. Kigeu kipo, ila hakiitiki kwa jina unalomwita nalo. Matoleo ya karibuni ya Notepad hayazitii yenyewe, lakini kwenye kisanduku cha kuhifadhia bado mna chaguo la “UTF-8 with BOM”. Lipite mbali.

`^M` ni alama ya kurudi mwanzo wa mstari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na ile ya ziada inabaki imeng'ang'ania mkiani mwa thamani. Bash inakabidhi `localhost` pamoja na mkia wake, na hakuna mashine yenye jina hilo. Kule kujikunja kwa maneno kunatokana na hilo hilo: alama inapochapishwa inarudisha mshale mwanzo wa mstari, na maneno yaliyobaki yanaandikwa juu ya yaliyokwisha kuandikwa. Ukiona ujumbe wa kosa umepandana hivyo, shuku `^M` kabla ya kitu chochote.

`M-bM-^@M-^\` na mwenzake wa mwisho ni alama za kunukuu zilizopinda, zile nzuri za vitabuni. Kibodi za baadhi ya simu huzipinda zenyewe, na Word pia. Programu haizijui kuwa ni alama za kunukuu; inaziona ni herufi za jina la mtumiaji.

Kusafisha:

`sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//; s/\r$//' .env`
`sed -i 's/[“”]/"/g' .env`

Kisha rudia `cat -A` uhakikishe. Ukiona `M-BM- ` katikati ya mstari, hiyo ni nafasi isiyokatika, mara nyingi imetoka kwenye ukurasa wa tovuti au faili la PDF. Ifute kwa mkono na uandike nafasi ya kawaida.

Siku nyingine mwambie mwenzako atume faili lenyewe kama waraka, asibandike maandishi. Na kwenye Notepad, unapohifadhi chagua aina ya “All files”, ama sivyo litahifadhiwa `.env.txt`, na kwa vile Windows huficha kile kipande cha mwisho cha jina, utakuwa unaliona `.env` huku silo. Kuhusu kutuma maneno ya siri kwa WhatsApp, hilo lina barua yake huko chini.

Tuna programu ya Python ya ratiba za boti za Unguja na Pemba. Ratiba imo kwenye faili la YAML. Safari ya 07:00 na ya 09:30 zinatoka sawasawa, lakini ya 12:30 inaonyesha 750 na ya 15:30 inaonyesha 930. Wakala namba 010 anageuka 8, ilhali 008 hana tatizo. Tumekagua msimbo wiki nzima.
*Wakata tiketi, Malindi*

Msimbo wenu hauna kosa. Hii ni tabia ya YAML toleo la 1.1, na PyYAML, maktaba ya Python ya kusoma YAML ambayo kwa hakika ndiyo mnayoitumia, inalifuata toleo hilo mpaka leo ingawa 1.2 lilitoka mwaka 2009.

Katika 1.1, tarakimu zilizotengwa kwa nukta mbili ni hesabu ya msingi wa sitini. 12:30 ni 12 mara 60, jumlisha 30: 750. 15:30 ni 930. Fanyeni hesabu yenyewe, itakubali. Safari za asubuhi zimesalimika kwa bahati tu, kwani sheria ya PyYAML inataka namba hiyo ianze na tarakimu ya 1 mpaka 9. 07:00 na 09:30 zimeanza na sifuri, zikaachwa kuwa maandishi. Ndiyo maana mlipojaribu kwa safari ya asubuhi kila kitu kilikuwa shwari.

Wakala wenu naye kaliwa na sheria ya pili: namba inayoanza na 0 na yenye tarakimu za 0 mpaka 7 peke yake husomwa kwa msingi wa nane. 010 ni 8, 011 ni 9, 012 ni 10. Lakini 008 ina tarakimu ya 8, ambayo haimo katika msingi wa nane, kwa hivyo inabaki maandishi. Sasa mna wakala mmoja mwenye maandishi `008` na mwingine mwenye namba 8. Siku mtakapoandika msimbo wa kugeuza vyote kuwa namba, wataungana wawe mtu mmoja na hesabu za tiketi zao zitachanganyika. Namba za simu ziko kwenye hatari hiyo hiyo: yenye 8 au 9 itapona, isiyokuwa nazo itageuka.

Tieni alama za kunukuu kwa kila kitu ambacho hamtakijumlisha wala kukizidisha:

```
safari:
  - ondoka: "07:00"
    wakala: "008"
  - ondoka: "12:30"
    wakala: "010"
```

Zitieni hata kwenye zile zilizosalimika. Mtu akija kusahihisha ratiba atanakili mstari wa juu, na mstari wa juu uwe salama.

Familia hii ina ndugu wengine. `yes`, `no`, `on` na `off` bila ya alama hugeuka kuwa kweli au si kweli. Ndiyo kisa cha nchi ya Norway, ambayo alama yake ya herufi mbili ni NO, kupotea kwenye orodha za nchi za watu wengi. Nanyi mnaopokea watalii mtakutana nayo. `toleo: 1.10` huwa 1.1. Jina likirudiwa mara mbili ndani ya kundi moja, PyYAML huchukua la mwisho bila ya kusema neno. Alama ya Tab pale inapotakiwa nafasi huleta `found character '\t' that cannot start any token`, na huyo ndiye bora wao, kwa vile anapiga kelele.

Kuona kilichosomwa:

`python3 -c "import yaml; print(yaml.safe_load(open('ratiba.yaml')))"`

Chenye alama za kunukuu kwenye jibu ni maandishi. Kisichokuwa nazo ni namba au kweli na si kweli.

Bosi anataka bekapu ifanyike kila usiku wa Ijumaa, saa mbili. Nimeandika kwenye crontab (orodha ya amri ambazo cron huziendesha kwa saa zilizopangwa) `0 2 * * 5 mysqldump duka > /var/bekapu/duka-$(date +%F).sql`. Amri nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi. Kwenye cron hakuna faili hata moja. Seva iko Ulaya.
*Msimamizi wa mtandao, Chake Chake*

Mstari mmoja una mitego minne, na miwili kati yake ni ya Waswahili peke yetu.

Mtego wa kwanza ndio uliozuia faili: alama ya %. Ndani ya crontab, % isiyotanguliwa na \ ni mwisho wa amri, na yanayofuata hupelekwa kwa amri kama maandishi ya kuisomea. Cron imeendesha `mysqldump duka > /var/bekapu/duka-$(date +` na mabano hayakufungwa. Kwa mkono haitokei kwa sababu bash haina sheria hiyo. Andika `\%F`.

Wa pili ni saa. Cron inahesabu kuanzia saa sita ya usiku, sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Saa mbili usiku ni 20, saa mbili asubuhi ni 8, na hiyo 2 uliyoandika ni saa nane usiku. Kuanzia saa moja mpaka saa tano usiku ongeza 18. Saa sita usiku yenyewe ni 0. Kuanzia saa saba mpaka kumi na mbili alfajiri toa 6. Mchana wote ongeza 6.

Wa tatu ni siku. Mwulize bosi anakusudia nini. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake, na “usiku wa Ijumaa” ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Ikiwa ndiyo kusudi lake, namba ni 4. Ikiwa anakusudia Ijumaa baada ya magharibi, ni 5. Na namba za siku za cron hazifuati majina yetu: Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, Jumanne 2, Jumatano 3. Tumeona si mara moja mtu kaandika 3 kwa Jumatatu, kwa kulifuata jina.

Wa nne ni saa za seva. Andika `date` uone. Ikisema UTC, yaani saa za kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Rekebisha hivi, kisha uiwashe upya huduma ya cron:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Africa/Zanzibar haimo katika orodha ya majina hayo, usihangaike kuitafuta. Usiandike `TZ=EAT` (kifupi cha saa za Afrika Mashariki) pia: Linux hailitambui jina hilo peke yake, inakupa saa za UTC na kuzibandika jina EAT, uongo wenye muhuri. `TZ=UTC+3` ni mbaya zaidi, kwani katika uandishi huo alama ya jumlisha ni kuelekea magharibi, na utajikuta nyuma kwa saa sita. Na kwenye Debian, kuweka TZ ndani ya crontab hubadilisha saa inayoonwa na amri, si saa ya kuiendesha.

Mstari uliokamilika, kwa Alhamisi:

`0 20 * * 4 mysqldump duka > /var/bekapu/duka-$(date +\%F).sql`

Ikiwa huruhusiwi kugusa saa za seva, na ni za UTC, weka 17 badala ya 20. Neno la siri la mysqldump likae kwenye `.my.cnf` chini ya `[client]`, na kama lina # litie kwenye alama za kunukuu. Mafaili hayo nayo hukata penye #.

Kwenye php.ini nimeandika `upload_max_filesize = 20MB` ili wageni waone picha kubwa za vyumba. Sasa hata picha ndogo kabisa haipandi.
*Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani*

Umeruhusu baiti ishirini. PHP hutazama herufi ya mwisho: K, M au G inaijua, B haijui, basi inachukua 20 tupu. Kuanzia PHP 8.2 hutoa onyo, kabla ya hapo ilinyamaza. Sahihi ni `20M`.

Usiishie hapo. `post_max_size`, ambayo kwa kawaida ni 8M, lazima ipite jumla ya picha zote zinazotumwa kwa fomu moja. Ikizidiwa, `$_POST` na `$_FILES` zinafika tupu na fomu inaonekana kama haikujazwa. `max_file_uploads` ni 20. Ukichagua picha 30, kumi hazifiki. Ikiwa mbele ya PHP kuna nginx, programu inayopokea maombi ya tovuti, `client_max_body_size` yake ni 1m mpaka uibadilishe, na kosa lake ni namba 413. Kwa picha nane za MB 5 kila moja tungeweka `upload_max_filesize = 8M`, `post_max_size = 48M`, na kwenye nginx `client_max_body_size 48m;` pamoja na hiyo nukta mkato. Ijaribu kwanza kwa `nginx -t`.

Hakikisha pia unahariri faili linalohusika. `php --ini` inakuonyesha faili la kidirisha cha amri, kama `/etc/php/8.2/cli/php.ini`, ilhali tovuti inasoma la `/etc/php/8.2/fpm/`. Ukihariri la fpm, maliza kwa `sudo systemctl reload php8.2-fpm`. Na tazama mwanzo wa mstari: ukiwa na `;`, mstari huo umelala.

Nimeweka `DEBUG=False` kwenye seva ya Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti), lakini ikitokea hitilafu kurasa ndefu za makosa bado zinaonekana na watu wote.
*Mwanafunzi, Tunguu*

Kila kigeu cha mazingira, yaani kinachokabidhiwa programu kutoka nje inapowaka, ni maandishi. Katika Python maandishi yoyote yasiyokuwa matupu ni kweli: `bool("False")` ni kweli, na hata ukiandika `DEBUG=hapana` ni kweli. Kwenye settings.py badilisha uwe:

`DEBUG = os.environ.get("DEBUG", "").strip().lower() in ("1", "true", "yes")`

Kwa mstari huu, kigeu kikisahaulika au kikikosewa, DEBUG inazimika. Ndivyo inavyotakiwa kwenye seva ya watu.

Kila umeme ukikatika, seva yetu ndogo ya ofisini ikiwaka programu inalia kwamba haina DB_HOST. Naingia, naandika `export DB_HOST=...`, naiwasha tena, inakwenda. Mpaka umeme ukatike tena.
*Karani, Mkoani*

`export` inaishi ndani ya kile kidirisha ulichokifungua tu. Ukikifunga imekwenda na maji. Ikiwa programu inawashwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, iandikie faili lake, tuseme `/etc/tiketi.env`, kigeu kimoja kila mstari, bila ya neno `export`, na maelezo yenye # yakae kwenye mstari wake peke yake. Halafu kwenye faili la huduma, chini ya `[Service]`, ongeza:

`EnvironmentFile=/etc/tiketi.env`

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, na `sudo systemctl restart tiketi`. Hiyo ya kwanza inahitajika ukigusa faili la huduma, ukigusa tiketi.env peke yake, restart inatosha. Kuona programu imekabidhiwa nini ilipowaka, pata namba yake kwa `systemctl show -p MainPID tiketi`, tuseme ni 812, kisha:

`sudo cat /proc/812/environ | tr '\0' '\n'`

Usisubiri umeme ukatike ndipo ujue. Iwashe upya seva nzima mwenyewe, siku ambayo ofisini hakuna foleni.

Nimesukuma .env kwenye GitHub kwa bahati mbaya. Nimelifuta baada ya dakika kumi. Yamekwisha?
*Msomaji, Mji Mkongwe*

Hayakwisha. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inahifadhi kila toleo, na faili lililofutwa bado limo kwenye historia. Badilisha maneno yote ya siri na funguo zote zilizokuwemo, leo, kabla ya kushughulikia historia. Kisha `git rm --cached .env`, ongeza `.env` kwenye `.gitignore`, na weka `.env.example` yenye majina matupu bila ya thamani, ili wenzako wajue cha kujaza. Kwenye seva, `chmod 600 .env`, mmiliki awe yule mtumiaji anayeendesha programu. Fungua pia tovuti yako na uongeze `/.env` mwisho wa anwani. Likifunguka, folda inayotolewa kwa umma si ile inayotakiwa, na kwa Laravel inatakiwa iwe `public`. Na kwa mwalimu wa Wete: yale maneno ya siri yaliyopita WhatsApp nayo yabadilishwe.